UZI: Maana ya jina la Kijapani inakaa kwenye sauti au kwenye herufi? Tumebakiwa na siku tisa

#1 Chumbageni Juu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Dada yangu yuko Nagoya, ameolewa na Mjapani, na juzi juzi amejifungua mtoto wa kike. Kwetu Tanga mjukuu wa kwanza wa kike anachukua jina la bibi yake, na mama yetu ni Bi. Asha. Shemeji hana neno. Aliyeweka breki ni mama mkwe. Amemwambia dada: "Asha ni sauti nzuri, ila linaandikwaje? Bila herufi, mtoto atakuwa na jina lisilo na maana."

Dada akamweleza kwamba Asha ni Aisha, na maana yake ni uhai. Mama mkwe akajibu kwa upole kabisa: hiyo ni maana ya kwenu, mimi nauliza maana yake hapa.

Sheria ya kule inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 14. Tano zimekwisha. Mwenye kuelewa jinsi majina yao yanavyopata maana anisaidie, maana mama hapa nyumbani anauliza kila baada ya swala.

#2 Fundi Gerezani

Hongereni kwa mtoto, mkuu. Hili jepesi. Jina la Kijapani ni kama kibao cha dukani, linasema kile kilichoandikwa. Nauza spea mwaka wa 16 sasa, na Wajapani waliopita dukani ndio walionisomesha. Honda: herufi ya kwanza ni chimbuko, ya pili shamba la mpunga. Suzuki: kengele na mti. Yamaha: mlima na jani. Isuzu: kengele hamsini. Mitsubishi: almasi tatu, ndiyo ile nembo kwenye uso wa Fuso. Toyota: shamba la mpunga lenye neema.

Kwa hiyo mama mkwe yuko sawa. Chagueni herufi nzuri, maana itakuja yenyewe.

#3 Mbongo wa Nagoya

Mleta uzi, niko mji mmoja na dada yako. Fundi, nakusahihisha kidogo. Ukoo wenyewe unaitwa Toyoda, kwa "da", na huo ndio unaoandikwa 豊田, shamba lenye neema. Kampuni ya magari ilipojipa jina miaka ya 1930 ilichagua Toyota, kwa "ta", ikaliandika トヨタ kwa katakana, yaani herufi za sauti tupu zisizo na maana. Sababu inayotajwa ni kwamba ukiliandika hivyo kalamu inapiga mistari 8, na kule 8 ni namba ya heri. Toyoda kwa herufi hizohizo za sauti ina mistari 10. Kwa hiyo shamba walilitupa, wakabaki na sauti na hesabu. Mfano wako umekugeuka.

Ila sikatai kwamba herufi zina uzito. Ofisini kwetu wapo akina Hiroko watatu. Mmoja ni 裕子, herufi ya neema na kujitosheleza. Wa pili ni 浩子, upana wa maji mengi. Wa tatu ni 寛子, moyo mpana. Ukiwaita, wote wanageuka. Ukiwaandikia barua na kukosea herufi, umemwandikia mtu mwingine. Ndiyo maana mkitambulishana mtu anakuuliza papo hapo, "Linaandikwaje?" Akiwa hana karatasi anafungua kiganja cha kushoto, anachora herufi kwa kidole cha kulia, taratibu, na wewe unafuatisha kwa macho. Mara ya kwanza nilifikiri ananionyesha kidonda.

#4 Hesabu Kali

Nimevuta kiti. Swali moja: herufi moja inasomeka kwa namna ngapi?

#5 Mwl. Nahau

Hesabu Kali, hapo ndipo penye kiini.

Wajapani walikuwa wakiongea kabla ya kuwa na maandishi. Walisema *yama* kwa mlima, *haru* kwa majira ya kuchipua, *aki* kwa majira ya mavuno. Kanji, yaani hizi herufi zenye maana, zilitoka China, nyingi kupitia Korea, na kufikia karne ya 5 zilikuwa zinatumika. Wakaichukua herufi ya mlima, 山, wakaipa sauti mbili: *san* iliyokuja nayo kutoka China, na *yama*, neno lao la nyumbani. Ndiyo maana mlima ule maarufu ni Fujisan, lakini jirani yako ni Yamamoto. (Yamamoto ni "chini ya mlima". Wale mliokuwa mnajiandaa kusema "ya moto", nimewaona.)

Sasa kwenye majina ya watu kuna na usomaji wa tatu, ambao hauonekani popote isipokuwa kwenye majina. Chukua 大翔, "kubwa" na "kuruka angani", jina ambalo wavulana wengi wamepewa miaka ya karibuni. Mmoja anaitwa Haruto, mwingine Hiroto, mwingine Yamato, mwingine Taiga. Herufi zilezile! Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kuita mahudhurio mpaka asome sauti iliyoandikwa pembeni.

Msimamo wangu: sauti ilitangulia, herufi ni nguo iliyovalishwa baadaye. Na nguo inaweza kudanganya. Fundi amesema Suzuki ni kengele na mti. Herufi ndivyo zisemavyo. Lakini wapo wanaoeleza kwamba jina lilianzia rasi ya Kii, hukohuko Japani, ambako mabua ya mpunga yaliyorundikwa baada ya mavuno yaliitwa kwa sauti hiyo, na kengele ikaja kuazimwa kwa ajili ya sauti yake tu. Kama ni hivyo, hakuna kengele wala nini. Kuna rundo la mpunga.

#6 Fundi Gerezani

Mwalimu, nakuheshimu, ila kama herufi ni nguo tu, mbona hao Hiroko watatu wa Mbongo ni watu watatu? Nguo haimfanyi mtu kuwa mwingine.

Na Tanaka je? Katikati ya mashamba. Nakamura, katikati ya kijiji. Takahashi, daraja refu. Kobayashi, kijisitu. Ishibashi, daraja la mawe, ndiye aliyeanzisha kampuni ya matairi mwaka 1931, akaligeuza jina lake kwa Kiingereza mbele nyuma likawa Bridgestone. Yeye mwenyewe alisoma herufi akaona maana. Hakufuata sauti.

#7 Mwl. Nahau

*Ishi* ni jiwe na *hashi* ni daraja hata kwa kipofu asiyejua kuandika. Hapo sauti na herufi zinakubaliana, huwezi kuzitumia kunishinda.

Nikupe yanayopigana. Kuna ukoo unaandikwa 小鳥遊, "ndege wadogo wanacheza". Unasomwa Takanashi, yaani "hakuna mwewe". Ndege wadogo wanacheza kwa sababu mwewe hayupo. Mwingine unaandikwa "kijiji cha kutazamia mwezi" lakini unasomwa Yamanashi, "hakuna milima", maana mlima ukikosekana mwezi unaonekana wote. Na upo unaoandikwa kwa herufi ya moja peke yake, 一, unasomwa Ninomae: "kabla ya mbili". Hapo maana iko wapi? Kwenye herufi, kwenye sauti, au kwenye nafasi kati yake, kama kitendawili na jibu lake?

#8 BintiMvita

Hamjambo wa bara. Mimi nasoma tu nikicheka.

Kule Japani kuna wanaume wenye jina Kenya. Naam, 健也 ama 賢也, ya kwanza ina afya, ya pili ina busara. Hawana habari na Mombasa wala Kisumu. Na kina Ali wetu wakifika huko jina latamkwa *ari*, ambalo kwao ni sisimizi. Bi. Tatu naye ajiandae, maana kwao ni *tatuu*, michoro ya mwilini.

Lakini dada yake mleta uzi ana bahati. "Sha" Wajapani wanayo. Hatageuka Asa.

#9 Dada Chausiku

Naomba nami nichangie, kwa jina langu hili.

Mnazungumza kana kwamba kila Mjapani ana kanji. Zamani wanawake wengi wa kawaida waliandikwa kwa kana tu, yaani herufi za sauti. Wale pacha waliojulikana nchi nzima walipotimiza miaka 100, waliozaliwa 1892, waliitwa Kin na Gin, dhahabu na fedha, na majina yao yaliandikwa kwa sauti tupu, きん na ぎん. Nani alikosa kuelewa dhahabu?

Na kulikuwa na jina Tome, kutoka kwenye neno la kukomesha. Wazazi waliochoka kuzaa walimwita hivyo binti wakitumaini ndiye kitinda mimba. Sue pia, yaani mwisho. Kwetu tuna Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua. Mimi nilizaliwa usiku, sihitaji herufi ya mwezi kunithibitishia. Maana ya jina ni hali ya nyumba siku ile mtoto anaingia. Mengine ni mapambo.

#10 Mbongo wa Nagoya

Dada Chausiku umegonga penyewe, nakuongezea mguu mmoja. Lile *ko*, 子, mwishoni mwa majina ya kike, ambalo ni "mtoto", lilikuwa la mabinti wa ikulu na wakubwa. Kuanzia enzi ya mfalme Meiji (1868–1912) likashuka kwa watu wa kawaida, karne ya 20 likajaa kila nyumba, na tangu miaka ya 1980 limepungua sana. Siku hizi ukisikia "ko" mara nyingi unamfikiria mama wa makamo. Kwa hiyo herufi hiyohiyo ilianza kwa kusema "binti wa wakubwa", sasa inasema "wa zamani". Kamusi bado inasema "mtoto". Hiyo maana ya kijamii hamjaitaja.

Halafu muwe waangalifu na kutafsiri. Ichiro ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, 一郎, kama Jiro alivyo wa pili na Saburo wa tatu. Lakini Ichiro Suzuki, yule mchezaji wa besiboli, ni mtoto wa pili. Jina lake linaandikwa 一朗, na hiyo herufi ya mwisho ni uchangamfu. Sikio linasikia "mzaliwa wa kwanza", jicho linaona kitu kingine.

#11 Hesabu Kali

Na hii mistari 8 ya Toyota? Hapo mmepita haraka. Naona kuna watu wanahesabu mistari ya kalamu kabla hata ya kuuliza maana.

#12 Chumbageni Juu (mleta uzi)

Hesabu Kali umeniwahi. Nimeongea na dada jana usiku. Mama mkwe amependekeza 亜紗, inaweza kusomwa Asha. Ya pili ni shashi, kile kitambaa chepesi kinachoangaza. Ya kwanza ndiyo wanayoiandikia bara la Asia. Dada alifurahi.

Halafu baba mkwe akatoa kijitabu cha hesabu. Ukoo wao ni Kobayashi, 小林, mistari 3 na 8. Jina ni 7 na 10. Jumla 28. Akakunja uso: 28 si namba nzuri. Mama mkwe akasema herufi ya kwanza umbo lake la zamani ni 亞, mistari 8, kwa hiyo ni 29. Wakabishana hadi chai ikapoa. Shemeji yeye akasema haamini hesabu hizo kabisa, lakini dada anasema alimwona akihesabu tena kwa vidole chini ya meza.

#13 Mwl. Nahau

Samahani mkuu, sitaki kuharibu furaha, ila 亜 kabla ya kuwa Asia ni "inayofuata, ya daraja la pili". Mtoto wa kwanza aitwe hivyo?

#14 Mbongo wa Nagoya

Mwalimu, huku hakuna anayeisoma hivyo kwenye jina la binti. Imejaa kwenye majina ya wasichana, Ami, Aya, Maria, na mzazi anaiwekea sauti "a" na sura yake. Umesema mwenyewe herufi ni nguo, sasa unapekua lebo.

#15 Mwl. Nahau

Hapo umenishika. Lakini mama mkwe ndiye aliyedai maana, si mimi.

#16 Karani Mstaafu

Habari za humu. Naona mmesahau serikali.

Mjapani hawezi kujiandikia herufi yoyote tu. Kuna orodha: kanji 2,136 za matumizi ya kila siku, na nyingine 863 zilizoruhusiwa kwa ajili ya majina. Jumla 2,999, na kana zote mbili, hiragana na katakana. Mwaka 1993, Akishima mjini Tokyo, mzazi alitaka mwanawe aitwe Akuma, kwa herufi za "shetani". Herufi zote mbili zilikuwa kwenye orodha. Ofisi ikakataa, jambo likafika mahakamani, mwishowe mtoto akapewa jina jingine. Kwa hiyo siku ile serikali ilisoma maana, haikusoma orodha.

Na jambo ambalo mimi kama karani lilinishangaza zaidi: daftari la ukoo kwa miaka yote lilihifadhi herufi tu. Matamshi hayakuwa na sehemu yake. Kisheria jina lako lilikuwa yale maandishi, na yanatamkwaje ni habari yako. Sheria mpya imeanza kazi tarehe 26 Mei 2025, sasa usomaji nao unaandikwa, na uwe usomaji unaokubalika kwa watu. Wazazi waliokuwa wanaandika hivi na kusoma vile wamebanwa.

Majina ya ukoo nayo, wakulima wengi walilazimishwa kuwa nayo rasmi mwaka 1875 tu. Hao akina Tanaka wa Fundi, kuna waliojiandikisha kwa kile walichokuwa wakikiona mlangoni.

#17 Fundi Gerezani

Karani asante. Kwa hiyo kisheria nilikuwa sahihi mpaka Mei 2025.

#18 Mzee wa Mbio

Vijana, shikamooni nasubiri.

Mimi nawakumbusha Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni. Fukuoka, Japani, 1983, alifukuzana na Mjapani Seko mpaka uwanjani, akapitwa kwa sekunde 3. Mwaka 1986 akarudi Fukuoka akashinda. Wajapani walimpenda, na jina lake wakaliandika kwa katakana, イカンガー, sauti tupu. Seko mwenyewe ni herufi mbili, mkondo wa maji ya kasi na ukale. Nauliza: Ikangaa hakuwa na maana pale? Aliyeshuhudia zile mita za mwisho redioni anajua jina lile lilikuwa limejaa.

#19 Dada Chausiku

Marahaba tunaisubiri sisi, mzee wangu. Shikamoo.

#20 BintiMvita

Mzee shikamoo. Nami nitoke nje ya njia kidogo. Fundi, Subaru hukuitaja. Ni 昴, kile kikundi cha nyota, ndizo zile sita za kwenye nembo. Sisi twakiita Kilimia, kwa kuwa chawaambia watu walime. Nyanya yangu alikuwa na msemo: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Kwa Wajapani neno lenyewe lahusishwa na kukusanyika pamoja. Nyota zilezile, hawa waliona mkusanyiko, sisi tukaona jembe. Ningekuwa na mtoto huko ningemwita Subaru, na kimoyomoyo nikimwita Kilimia.

#21 Kijana wa Kahama

Kwa nini msimwite Naomi? Lipo kwenye Biblia na lipo Japani.

#22 Mbongo wa Nagoya

Naomi wa Biblia na Naomi wa huku wamekutana njiani tu. Wa huku mara nyingi ni 直美, unyoofu na uzuri. Naomi Osaka, wa tenisi, anaandika なおみ kwa hiragana, sauti tupu. Na ukoo wake ni 大坂, si 大阪 ya mji. Inasemwa mji uliacha ile herufi ya zamani, 坂, kwa sababu ukiipasua inasomeka kama "kurudi udongoni". Mji mzima ulihama herufi kwa hofu ya maana, halafu bingwa anaitumia ileile na hajapungukiwa na kitu.

#23 Chumbageni Juu (mleta uzi)

Wakuu, asanteni wote. Zimebaki siku tatu. Kwenye friji ya dada kuna karatasi mbili. Moja mama mkwe ameandika 亜紗 kwa brashi na wino. Nyingine shemeji ameandika あーしゃ kwa kalamu ya kawaida, anasema mtoto akikua atajichagulia mwenyewe maana.

Mama hapa Tanga nilimweleza yote. Hakusema kitu. Akaomba karatasi, akaandika jina lake kwa herufi alizofundishwa chuoni utotoni, عائشة, mkono unatetemeka kidogo, akaniambia nipige picha niitume. Ndivyo jina lake linavyoandikwa, akasema.

Baba mkwe ameitazama ile picha muda mrefu. Kisha akamwambia dada amuulize mama: hii ya kwanza, yenye umbo la ndoana, maana yake nini? Na inayofuata?

Nimjibu nini?

#24 Karani Mstaafu

Hiyo ya kwanza ni ain. Kwa Kiarabu ain ni jicho, na ni chemchemi pia.

#25 Mwl. Nahau

Karani, hilo ni jina la herufi. Haliingii kwenye maana ya Aisha hata kidogo. Uhai unatoka kwenye mzizi mzima.

#26 Fundi Gerezani

Jicho na chemchemi! Mkuu mtumie hivyohivyo, leo leo.